Alizeti Inayokwenda na Kurudi

Asubuhi hiyo Mama Maswali alikuwa anawamwagia kuku mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa mafuta. Jina hilo alipewa na mumewe. Mwanamke huyo hata akinunua chumvi, lazima aulize imetoka wapi.

Mara akaokota punje nzima, nyeusi, yenye mistari myeupe.

"Baba watoto, njoo uone! Hii si alizeti yetu?"

"Kwani ina kitambulisho?" mume akajibu, huku anashona magunia. Kesho yake lori la mnunuzi lingekuja kubeba mavuno yote.

"Sitanii mwenzio. Mwaka jana tuliuza mbegu zote. Mafuta tukanunua dukani, na mashudu tukanunua. Sasa dumu la mafuta ni kavu, watoto wanakula mboga za kuchemsha. Tunamlimia nani?"

Mume akaacha sindano.

Bibi Shamba, mtaalamu wa kilimo, alikuwa anapita. Wakampa kiti na swali.

"Dada, hilo swali ni la nchi nzima," akasema. "Nchi nyingi maskini zinauza pamba, zinanunua mashati. Zinauza ngozi, zinanunua viatu. Faida nono inabaki kiwandani, na kiwanda kiko kwa wenzetu."

"Wana akili kuliko sisi?"

"Wapi! Wengine walitutawala. Wakajenga reli kutoka mashambani moja kwa moja hadi bandarini, mali itoke ghafi. Viwanda wakavijenga kwao. Na mpaka leo, ziko nchi tajiri ukipeleka mbegu ushuru ni mdogo, ukipeleka mafuta unapanda."

"Nilijua! Kosa ni lao!" mume akadakia.

"Polepole, shemeji. Umeme ukikatika kila siku, na mkubwa fulani akila hela ya barabara, hapo tunajiangusha wenyewe."

"Sasa mimi na jembe langu nifanyeje?" akauliza Mama Maswali.

"Kikundi cha akina mama pale sokoni kina mashine ya kukamua. Jiunge. Anza na nusu ya mavuno."

"Mwenye lori atanuna," mume akaonya.

"Anune. Uso ni wake," mkewe akajibu.

Kweli alinuna, akabeba nusu. Nusu nyingine ilikamuliwa sokoni. Nyumbani mboga zikaanza kukaangwa, kuku wakala mashudu ya bure, na mafuta ya ziada yakagombaniwa na majirani.

Siku moja Bibi Shamba alimkuta Mama Maswali anaizunguka mashine, anaichungulia mpaka uvunguni, mumewe kasimama kando.

"Na hii imetengenezwa wapi?"

Bibi Shamba akacheka. "Huko huko kwa wenzetu."

"Basi tumekwisha!" akasema mume.

"Tumekwisha nini? Yule fundi anayechomelea mageti ana mikono, ana macho," akasema mkewe. "Kamwite aje aitazame."