Nusu ya Juu Iko Kazini

Soko la Mwanjelwa lilikuwa limefurika mchana huo, na Nasri alikuwa mbioni kuwahi fungu la mwisho la parachichi. Mkono uliomtangulia ulikuwa wa Yasmini, fundi cherehani, abaya ya bluu, mtandio wa njano, na macho ya kumsahaulisha mtu chenji yake. Macho hayo yakamkagua Nasri kutoka juu: shati jeupe lililopigwa pasi, tai nyekundu, halafu bukta na kandambili.

"Kaka, nusu yako inakwenda benki, nusu inakwenda kuoga?"

"Nusu ya juu iko kazini, dada. Kamera haifiki huku chini."

Akamweleza. Miezi minane alituma maombi mtandaoni mpaka vidole vikakaribia kuota sugu, ndipo kampuni moja ya Nairobi ikamchukua kupima programu za simu. Kazi anaifanyia chumbani kwake Iyunga, maharage yakichemka pembeni. Mvua ya Mbeya ikimwagika asubuhi, yeye anaisikiliza tu, miguu ndani ya soksi.

Yasmini akamwachia parachichi moja. Namba ya simu ilichelewa kidogo, kama dakika nne.

Baada ya miezi sita ya kutaniana, Nasri akapeleka barua ya posa kwa kina Yasmini, Ipogolo, kule Iringa. Kabla ya kujibu, kama ilivyo desturi, Bibie, shangazi yake Yasmini, akapanda basi kwenda Mbeya kumchunguza kijana bila taarifa. Jirani akamwambia, "Huyo? Kutwa yumo ndani anaongea peke yake." Bibie akaenda kugonga dirisha. Nasri alikuwa katikati ya kikao, hedifoni masikioni, tai shingoni na bukta kiunoni. Akaona mama mwenye kikapu, akadhani muuza dagaa. Akampungia mkono wa kukataa, akavuta pazia.

Jioni simu ikaita.

"Laazizi wangu..."

"Usinilaazizi. Umemfungia shangazi yangu pazia usoni."

"Yule muuza dagaa?"

"Kile kikapu kilikuwa zawadi yako, Nasri. Baba kaniita nyumbani. Anasema hatoi binti kwa mtu asiye na kazi wala adabu. Ijumaa anajibu barua."

"Lakini kazi ninayo."

"Mimi najua. Wao wameona pazia."

Raha ya kazi ile ni kwamba inaingia kwenye begi. Alhamisi saa tatu asubuhi Nasri alikuwa Ipogolo, kwenye benchi mbele ya duka la vipuri la Mzee Isihaka, baba yake Yasmini, kompyuta mapajani. Mzee alipokea salamu kwa kichwa tu. Baada ya saa nzima, uvumilivu ukamwishia.

"Kwani hapo unafanya nini?"

"Natafuta makosa kwenye programu, mzee, kabla wateja hawajayaona."

"Unalipwa kutafuta makosa?" Mzee akatazama ndani ya duka, akashusha sauti. "Dada yangu Bibie angekuwa tajiri."

Nasri akauma mdomo asicheke. Saa tano kikao kikaanza, sura sita kwenye kioo, bosi akiwa wa kwanza. Hapo hapo Bibie akatokea mlangoni na kikombe cha chai, akasimama, akangoja aone.

Nasri alimwona.

"Samahani, bosi," akasema, "shangazi yangu kaja. Naomba dakika mbili."

Akavua hedifoni, akasimama wima mbele ya kamera na mbele ya barabara nzima. "Shikamoo, shangazi. Siku ile nilikukosea sana. Naomba unisamehe."

Bibie akamtazama shati, akashuka kwenye suruali nyeusi iliyonyooka, akafika kwenye viatu vilivyong'aa.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Leo umekuja mzima."

Nyuma ya pazia la duka mtu akashindwa kuzuia kicheko. Bibie akamkabidhi Nasri chai, akageuka.

"Yasmini, fungua hilo pazia. Mwenzio amebakiwa na dakika moja tu, na baba yako anatafuta kalamu."