Msumeno Ndani ya Meza

Jua lilikuwa linazama upande wa Goma, na mimi nilikuwa nimebakiza kazi ndogo tu: kujaribu ubao mmoja kabla ya magharibi. Kisha nifunge, ninawe, nikaswali.

Ilikuwa mwaka 1956, Gisenyi, uani kwangu, mtaa wa Waislamu. Mimi ni Muhamadi, seremala. Rafiki yangu Harerimana naye seremala. Alikuwa amepata msumeno wa duara, ule wa mashine, ambao kule kwetu ulionekana kwenye viwanda vya mbao vya Wazungu tu. Aliupata wapi, sikumwuliza sana. Tulitoboa ufa mwembamba katikati ya meza yangu ya kazi, tukaufunga msumeno chini yake, meno yakachungulia juu. Umeme hatukuwa nao. Nyuma ya meza tulisimamisha baiskeli mbovu, na mkanda wa ngozi ukatoka kwenye gurudumu lake hadi kwenye msumeno. Mmoja akanyage pedali, mwingine asukume ubao.

Kazi hiyo haifanywi na watu wasioaminiana. Vidole vya anayesukuma viko karibu na meno, na anayekanyaga ndiye breki yake. Tulikubaliana: nikigonga meza, anaacha.

Nilimwamini. Muda mfupi kabla ya hapo, Harerimana mwenyewe alinibembeleza tuchanjiane. Tulichanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akalamba damu ya mwenzake kwenye jani la umuko, mti unaoheshimiwa kule kwa mambo hayo. Dini yangu haitaki, najua. Lakini nilikua peke yangu, bila kaka wala dada, na mtu akikuambia muwe damu moja, utakataaje? Siku ile nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Basi. Nikashika ubao. Harerimana akapanda baiskeli.

Vvvuu... vvvuu... vvvuuuu...

Ubao ukaanza kupasuka vizuri, nikacheka peke yangu. Ndipo harufu ikaja. Haikuwa ya mbao. Ilikuwa harufu ya buchani siku ya joto.

Nikainua macho. Bibi mmoja alikuwa amesimama ndani ya ua, shuka jeusi begani, jani bichi la mgomba mkononi. Sikuwa nimesikia hodi. Hakusalimu. Alipita mbele yangu, akainama, akalitandaza jani lile chini ya meza, pale pale chini ya msumeno.

"Bibi, unatafuta nani?" nilinong'ona. Sijui kwa nini nilinong'ona.

"Ni we ndugu ya Harerimana?"

"Ndiyo, mama."

"Bon, vizuri." Akakaa chini.

Nikageuka. "Harerimana, ni nani huyu?"

"Usimuangalie, sha. Sukuma tu. Giza inaingia."

Alikuwa anaendelea kukanyaga, anatazama miguu yake.

"Mi ni Nyirahabimana, natoka Kanama," bibi akasema polepole. "Huu musumeno ulikata mutoto yangu kule kiwandani. Ulimukata mukono, akakufa. Mukono haukuonekana, tukamuzika bila yake. Sasa kila magaribi anakuja kwa mulango. Anakwaruza... anakwaruza... hawezi kufungua."

Nilitaka kugonga meza. Mkono haukuinuka.

"Muzungu aliutupa musumeno, mi nikaubeba. Huyu akakuja kuuomba. Nikamuambia, uchukue, lakini uniletee mukono, nimuzikie mutoto. Akasema ataleta wa damu yake. Akaniuliza, na wa ndugu? Nikamuambia, damu ni moja." Bibi akavuta shuka lake. "Lakini yeye hakukuwa na ndugu. Donc, basi, akaenda kutafuta."

Akaenda kutafuta.

Kovu la kitovuni likaniwaka moto. Kumbe nilibembelezwa ndani ya undugu ule kama mbuzi anayevutwa kwa majani. Nilingoja Harerimana akane. Wallahi, angekana hata kwa uongo, ningemwamini.

"Muhamadi, ndugu yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Ni mukono moja tu. Utabakia na mungine. Na kazi itakuwa yetu sisi wote."

Hapo nguvu zikanirudia kidogo. Nikagonga meza kwa mkono wa kulia. Ngo! Ngo! Na yeye, kwa mazoea tu nadhani, akaacha kukanyaga.

Pedali zikasimama. Gurudumu likasimama. Mkanda ukateleza, ukaanguka chini.

Msumeno haukusimama.

Vvvuuuu...

Ubao ukaanza kwenda wenyewe, na mkono wangu wa kushoto ukiwa umegandamana nao. Nilivuta. Niliomba dua. Nilipachika mguu kwenye meza nikavuta tena. Meno yakafika kwenye kidole gumba, yakafika kwenye kifundo...

Baridi.

Baridi tu, kama maji ya Kivu alfajiri.

Aliyepiga yowe hakuwa mimi.

Harerimana alikuwa ameanguka kutoka kwenye baiskeli, mbali na meza, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeishia kifundoni. Wangu ulikuwa mzima, bila hata mkwaruzo. Nilichungulia chini ya msumeno. Juu ya jani la mgomba kulikuwa na mkono. Ulifikaje pale, mpaka leo sijui.

"Ulisema wa damu yako, na damu ni moja," bibi akamwambia. Hakuwa na hasira. Aliuokota mkono, akaugeuza mara moja, mara mbili, karibu na macho yake. Kisha akaurudisha.

"Huu ni wa kushoto," alisema. "Mutoto yangu alikosa wa kulia."

Akalinyoosha jani vizuri.

"Donc... nani?"

Harerimana alikuwa analia, uso umejaa unga wa mbao. Akauinua mkono uliobaki, akaninyooshea kidole mimi.

Nilikimbia bila viatu. Nikavuka mpaka, nikaendelea hadi Bukavu, na huku napiga randa na kukata kwa msumeno wa mkono, polepole, wateja wakininung'unikia. Kila mtu anayetoka Gisenyi huniletea salamu za Harerimana. Wanasema hana neno baya juu yangu. Ananiita ndugu bado, na anauliza ninaishi mtaa gani.