Makaroni Moja kwa Kila Kiota

Haya, watoto, masikio yako wazi? Sogeeni basi. Mbele ya kijiji cha msichana mmoja, Somoe, kuna kisiwa kidogo. Hakina nyumba. Hakina duka. Kina ndege tu, na kelele zao, wacha!

"Kirr-kirr! Kirr-kirr!" Ndio buabua hao, ndege weupe wa baharini.

Shangazi Mwanaheri kazi yake ni kuwahesabu. Na leo anakwenda na Somoe! Somoe alifurahi mpaka akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Kwenye boti, Shangazi alimpa mfuko. Somoe akachungulia. Alaa! Makaroni kavu!

"Shangazi, tunakwenda kupika?"

Shangazi akacheka. "Tunakwenda kuhesabu viota. Kila kiota tunakiwekea makaroni moja. Ukiiona, ujue hicho tumeshakihesabu."

"Kwa nini tunawahesabu?"

"Tujue kama wanaongezeka au wanapungua. Panya wakiingia kisiwani, wanakula mayai. Watu nao wanayaokota. Tusipohesabu, tutajuaje?"

Buabua hawa hawajengi juu ya mti. Wanataga pale pale mchangani! Na yai lina madoadoa, hulioni mpaka uliinamie.

Walipofika kisiwani, buabua wakaruka juu. Shangazi mbele, Somoe nyuma, wakaimba kwa sauti ndogo:

"Kiota kimoja, makaroni moja.
Polepole, tusikanyage hata yai moja!"

Mwisho kabisa, Somoe akaona yai liko peke yake. Dogo! Zuri! Akalipenda papo hapo.

"Maskini, huna jirani," akalinong'oneza. "Chukua zawadi." Akainamisha mfuko. Kacha-kacha-kacha! Lundo zima la makaroni.

"Tutoke upesi," akaita Shangazi. "Jua limepanda. Mayai yanataka kivuli cha mama zao."

Wakaenda kukaa mbali, wakatazama kwa darubini. Buabua wakashuka. Huyu akalalia yai lake. Yule akalalia lake.

Mmoja tu hakutua. Alizunguka, akazunguka tena. "Kirr! Kirr!"

"Kuna kitu kinamtisha," akasema Shangazi. "Na jua hili! Akichelewa, yai lake litaharibika."

Somoe akakumbuka lile lundo la makaroni. Machozi yakamlengalenga.

"Shangazi, ni mimi. Nimemmwagia makaroni nyingi. Nilitaka afurahi."

"Loo! Kumbe ni zawadi!" Shangazi akamfuta machozi. "Wewe umeona zawadi, yeye ameona dubwana. Haya, aliyemwaga ndiye anayezoa. Twende, chini chini."

Somoe akatambaa kwa magoti.

"Kiota kimoja, makaroni moja.
Polepole, tusikanyage hata yai moja!"

Mama buabua akamjia juu ya kichwa. "Kirr!" Na kwenye kofia: pwata!

"Shangazi! Kinyesi!"

"Ndio karibu yao hiyo," akasema Shangazi, huku akijiziba mdomo asicheke.

Somoe akazoa, akazoa. Akaacha moja tu. Mara akasikia sauti nyembamba.

"Pii."

Nani huyo? Somoe akainama. "Pii, pii." Ilitoka ndani ya yai!

"Shangazi, linaongea!"

"Ni kifaranga, anataka kutoka. Twende zetu, mama yake aje."

Wakarudi mbali. Buabua akatua. Akaitazama ile makaroni moja kwa jicho la kulia. Akaitazama kwa jicho la kushoto. Kisha akajitikisa, akalilalia yai lake.

"Amekaa! Amekaa!" Somoe alirukaruka mpaka kiatu kikamtoka.

Usiku walikula makaroni za nazi. Za mfukoni, jamani, sio zile za mchangani!

Kabla ya kulala, Somoe akapita nyumbani akinyata. Kwenye mto wa Mama, makaroni moja. Kwenye mto wa Baba, moja. Kwenye mto wa Shangazi, moja. Mfuko ukaisha.

"Na mimi je?" Somoe akamuuliza Shangazi. "Mimi sijahesabiwa!"

Shangazi akatia mkono kwenye mfuko wa gauni lake, akapapasa. Akatoa makaroni ya mwisho, akaiweka taratibu kwenye mto wa Somoe.

"Kiota kimoja, makaroni moja.
Somoe wetu yupo, hakupungua hata mmoja."

Somoe akajikunja ndani ya shuka, akafumba macho.

"Pii," akasema. Akalala.