Simu Iliyotangulia

Ilikuwa mwaka 1986, mwezi wa Septemba, msimu wa kiangazi. Upepo mkavu uliingiza vumbi hadi ndani ya karakana ya simu niliyokuwa msimamizi wake, na kila asubuhi tulianza kazi kwa kupangusa meza. Fundi wangu bora alikuwa mdogo wa mke wangu. Sote tulimwita Koleo, kwa kuwa hata harusini alikwenda na koleo mfukoni. Mke wangu ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, na siku aliponikabidhi mdogo wake kazini aliniambia neno moja tu: "Mwangalie."

Asubuhi moja aliingia mshonaji, mama mjane, utepe wa kupimia bado ukining'inia shingoni mwake. Aliweka mezani simu nyeusi.

"Ina tatizo gani, mama?" Koleo aliuliza.

"Inatangulia."

"Saa ndiyo huenda mbele, mama. Simu kazi yake kuchelewa."

"Inatangulia kusema. Sijafungua kinywa, nasikia sauti yangu imeshasema."

"Basi inakupunguzia kazi!"

Mama yule hakucheka. "Marehemu mume wangu naye alitania hivyo hivyo," alisema, akaondoka bila kuuliza simu itakuwa tayari lini.

Koleo alifuata utaratibu. Alikagua waya, akasafisha viunganishi, akakung'uta chembe za kaboni ndani ya kipaza sauti, kwa maana zikigandana sauti hukwama. Kisha akaiunga simu kwenye mstari wa majaribio. Simu nzima humrudishia msemaji sauti yake kidogo sikioni. Kwa hilo fundi hujua kuwa iko hai. Nilimwona akivuta pumzi ili ahesabu moja, mbili, tatu, kama kawaida yetu. Hakuhesabu. Alisikiliza. Kisha akaulaza mkono wa simu taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Umesikia nini?"

"Nimejisikia mimi," alinong'ona. "Nimesema, 'Shemeji, mimi natangulia.' Halafu kishindo. Halafu kengele."

Nilimshuku. Koleo alikuwa mtu wa mizaha, na mimi sikuwa mtu wa kudanganyika kirahisi. Nikaijaribu simu mwenyewe. Sauti yangu ilinirudia kwa wakati wake, kama inavyopasa. Kwa siku kadhaa nilimchunguza, nikingoja aangue kicheko. Badala yake alianza kuuchunga ulimi wake. Jioni alisema "naondoka", au alipunga mkono tu, asije akalitamka neno lile.

Hapo shaka yangu ikahamia kwa mshonaji. Hakurudi kuichukua simu yake. Nilipomfuata, nilikuta chumba chake cha kushonea kitupu, hata cherehani haipo. Yule mama hakuileta simu itengenezwe. Aliileta iondoke kwake.

Wiki zikapita, hofu ikapoa. Alasiri moja nilikuwa nafunga madirisha. Koleo alivaa koti, akafika mlangoni, akageuka kwa mazoea.

"Shemeji, mimi natangulia."

Tukatazamana. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Rudi," nilisema. "Keti. Usitoke."

Akarudi. Akaketi. Akajaribu kutabasamu.

"Sijaenda, shemeji. Si unaniona? Nipo."

Kishindo.

Kisha, juu ya rafu, simu nyeusi ikalia. Mara moja tu. Haikuwa imeungwa na waya wowote.

Daktari alisema ni moyo. Mke wangu hakunilaumu, aliniuliza tu, "Ulikuwa unamwangalia?" Nikajibu ndiyo, na ilikuwa kweli.

Baada ya maziko niliifungua simu ile, skrubu moja baada ya nyingine. Kila kipande kilikuwa kizima. Ila ndani ya kipaza sauti palikuwa na unyevu. Wenye joto. Kama pumzi ya mtu aliyenyamaza sasa hivi.

Nikaifunga. Nikaiweka sikioni. Midomo nimeibana.

Nikajisikia nikiitika: "Haya, nakuja."

Sasa nimestaafu. Simu iko kabatini, na kufuli lake nalikagua mwenyewe. Mke wangu akiniita mezani, humjibu, "Nimesikia." Yeye hudhani ni kiburi cha uzee. Juzi alinung'unika, "Mwenzangu, kusema unakuja kunakugharimu nini?"

Hesabu ya matengenezo yale naijua. Vipuri vilivyobadilishwa: hakuna. Gharama: mtu mmoja, hadi leo.