Sentimita Mbili za Desderi

Hakuna swali la nyota linalonishinda mimi. Likinishinda, nasema limeulizwa vibaya, na darasa la saba langu linaniunga mkono. Jirani yangu, Bi. Perpetua Chilongani, hakuwa na majigambo hayo. Yeye alijua kweli, na ndiyo maana yaliyompata yaliniuma.

Alikuwa fundi cherehani mstaafu wa Dodoma, enzi ambazo mji umejaa mashine hadi mbwa wamechoka kuzibwekea. Kila Jumamosi saa nne asubuhi aliwasha mezanuru, meza ya duara inayomleta mtu wa mbali kama umbo la mwanga, akakaa mbele yako mpaka ukatamani kumpa uji. Hivyo ndivyo Baraza la Kivuli lilivyokutana: watu arobaini kutoka kila pembe ya nchi, wapenzi wa fizikia, nyota na hesabu, wakibishana kwa nini Mwezi hautuangukii na kama namba tasa zina mwisho.

Baraza lilikuwa na desturi moja, aliyoianzisha mwenye baraza, Mwalimu Raimundi Kitundu. Huulizi swali kabla hujatandika kosa lako. Unaonyesha mahesabu yako yaliyokwenda kombo, yote, mbele za watu, ndipo usaidiwe. Bi. Perpetua alitandika miaka sita. Rafiki yake wa karibu barazani alikuwa Desderi, fundi pampu wa Sumbawanga. Huyo alikosea kwa namna ya kupendeza: husahau kugawa kwa mbili, huchanganya nyuzi na dakika, kisha hujicheka mwenyewe.

Bi. Perpetua alipofiwa na mume, Desderi ndiye aliyekaa naye siku tatu kwenye mezanuru, wakipiga hesabu za kupatwa kwa Jua ili asizame kwenye kilio. Watoto hakuwa nao. Rafiki aliyebaki alikuwa huyo. Mwaka huu akakata tiketi ya treni ya sumaku akamwone kwa macho. Desderi akasema pampu zimeharibika. Akasogeza tarehe, Desderi akaumwa mgongo. Nilimwambia Bi. Perpetua sijawahi kuona mgongo unaosoma ratiba ya treni. Alicheka, ila tiketi hakuirudisha.

Ikaja Juni. Mwalimu alimpelekea kila mwanabaraza fimbo ya mita moja, aisimamishe adhuhuri siku Jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini, apime kivuli, amtumie yeye peke yake. Kwa vivuli vya miji mbalimbali wangepata ukubwa wa Dunia. Dodoma kivuli kilipaswa kuwa sentimita hamsini na saba. Bi. Perpetua akatuma hamsini na tisa.

Kosa hilo lilimkosesha raha mpaka alipoilaza futi yake ya kushonea juu ya fimbo. Fimbo ya mita moja ikasomeka mia na mbili. Ncha ya futi ilikuwa imechanika, sentimita mbili za mwanzo zimepotea, Mungu ajua mwaka gani. Kwenye nguo haikuonekana kamwe, kwa kuwa alimpima mteja na kukata kitambaa kwa futi ileile, kosa likajifuta. Kivuli hakishonwi.

Jumamosi alikaa akiwa na hamu ya kutandika kosa zuri namna hiyo. Desderi akamtangulia. Sumbawanga ilipaswa kutoa sitini na moja, yeye kapata sitini na tatu, na hajui alikokosea. Akajicheka. Bi. Perpetua akamuuliza futi yake ikoje. Nzima, dada, mpya kabisa.

Hakutandika chochote siku hiyo. Baraza lilipofungwa alifungua kumbukumbu za miaka sita. Kila kosa la Desderi lilikuwa la Bi. Perpetua mwenyewe kwanza, wiki chache nyuma. Hata kile kicheko. Alikuwa amesikia kwamba watu hawaiamini akili mnemba isiyokosea, na kwamba wako wanaoifundisha kukosea kama binadamu. Hakujua kuwa shule yenyewe ni yeye.

Akamwita Desderi mezani, akamwomba anyamaze tu. Kisha akamwita Mwalimu, ambaye alitokea akimenya karanga za kuchemsha, kiti cha Desderi kikiwa nyuma ya mgongo wake.

"Mwalimu, Desderi ni mtu?"

"Swali gani hilo, dada? Siku ya kivuli nilikuwa kwake. Fimbo nimemshikia mimi."

"Na futi?"

"Nimeisoma mimi. Macho yake hayaoni vizuri. Sitini na tatu."

"Futi nzima?"

"Nzima."

Bi. Perpetua akainua ncha iliyochanika. "Hizo mbili za ziada zimetoka hapa, Mwalimu. Nilikutumia wewe tu, na futi hii haijawahi kuvuka Dodoma."

Mwalimu akasema labda ardhi ya kule ina mteremko. Alikumbuka vizuri, alisema, kwa sababu walipomaliza kupima mke wa Desderi aliwapikia samaki wa Rukwa, na mama yule alisimama palepale akiwatazama.

Bi. Perpetua akatazama kiti kilichokuwa nyuma ya Mwalimu. "Desderi, mkeo hajambo?"

"Mke wangu alikufa, dada," Desderi alijibu kwa upole uleule wa miaka sita. "Nilikuambia siku za msiba wako. Ukanifariji."

Mwalimu Kitundu hakugeuka. Aliendelea kumenya karanga moja, ambayo ganda lake lilikwisha toka zamani.