Harufu Tamu ya Gari la Marehemu

Taa za njia panda ziliruhusu, honi zikalia, lakini gari moja jeupe lililopauka halikusogea. Mvuke ulifuka kutoka kwenye boneti kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Fundi alikuwa anavuka barabara, mpira mpya wa rejeta begani, alipomwona dada mmoja mwenye gauni la bluu, miwani imepandishwa juu ya nywele, ananyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Dada, acha. Ukifungua sasa hivi utaungua uso."

"Na wewe ni nani unayejua sana?"

"Fundi. Gereji yangu iko nyuma ya lile duka la matairi."

Dada akautazama ule mpira begani kwake. "Kumbe unatembea na tangazo kabisa."

Fundi hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Siku hiyo alicheka. Upepo ukamletea harufu tamu, kama peremende iliyoyeyuka juani, akajiuliza ni manukato gani haya. Yakamkaa puani mpaka jioni.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake yule dada, nalo lilikuwa limekula kilomita laki tatu na sabini elfu. Dada mwenyewe alipima watu macho kwenye duka la miwani. Shida yake ilikuwa moja: maji ya rejeta yalipungua kama lita kila wiki, na hakuna aliyejua yanakwenda wapi.

Pale gereji fundi akajaza maji ya kijani ya dawa ya kupozea injini, akaingia kazini. Alipapasa mipira yote. Alikagua pampu ya maji, akabadilisha kifuniko cha rejeta. Alifunga kipima presha, mshale ukasimama palepale kama askari. Kijiti cha oili kilitoka safi, bila ule weupe wa maziwa wa oili iliyoingiwa na maji. Akaliacha gari lingurume nusu saa juu ya kadibodi. Kadibodi ikabaki kavu.

"Halitoi hata tone," alisema.

"Basi yanapanda mbinguni," alijibu dada.

Jumamosi iliyofuata lita nzima haikuwepo. Na iliyofuata. Katikati ya wiki simu zikaanza.

"Mgonjwa anaendeleaje?" fundi aliuliza.

"Yupi, gari au mimi?"

"Anza na wewe, mpenzi."

"Mimi napungua taratibu. Na sivuji popote."

Fundi alilala akitabasamu na kuamka amechanganyikiwa. Alishawahi kufufua injini zilizokataliwa na gereji nne. Hili la kawaida limemshinda vipi?

Jumamosi ya sita dada hakushuka kwenye gari. Alishusha kioo tu.

"Kaka yangu anasema kikulacho ki nguoni mwako. Anasema unauacha ugonjwa makusudi ili nirudi."

"Na wewe unasemaje?"

Alikawia kujibu. Pumzi moja tu, lakini fundi aliihesabu.

"Nataka useme wewe," alisema dada.

Neno moja lingetosha. Lakini damu ilikuwa imeshampanda kichwani. "Mpelekeeni anayewafaa. Mimi sibembelezi mtu aniamini."

Kioo kikapanda. Gari likaondoka, harufu tamu ikabaki getini.

Wiki mbili akaandika ujumbe na kuufuta. Kilichomuuma hakikuwa maneno ya kaka mtu. Ni kwamba kila Jumamosi alipokosa tatizo, kuna kitu ndani yake kilifurahi. Je, mikono yake ilitafuta kweli? Akaipiga nyundo boliti isiyo na kosa.

Jumatano mchana dada alikuja kwa miguu, koti jeupe la kazini bado mwilini.

"Tochi yako. Ilikuwa chini ya kiti." Akamkabidhi. "Kaka amepata mtu wa vyuma chakavu. Wanalichukua leo saa kumi. Nimeona usipoteze kifaa chako."

Walisimama karibu, bega kwa bega na meza ya spana. Fundi alivuta pumzi. Sabuni tu. Akavuta tena.

"Leo hukujipaka manukato yako?"

"Manukato gani? Sijipaki. Wateja nawainamia usoni, wengine wanapiga chafya."

"Yale matamu. Ya kwenye gari."

"Mimi nilidhani ni mafuta yako ya nywele." Akashusha miwani, akamtazama vizuri. "Fundi, mbona umebadilika rangi?"

"Ukiendesha, huwa unawasha hita?"

"Mshale wa joto ukipanda, ndiyo. Baba alinifundisha. Hita inapunguza joto la injini, inalileta ndani ya gari. Nawasha, nafungua vioo, natoka jasho mpaka kazini."

Fundi alishika kichwa. Hapa gereji, na jua hili, nani angewasha hita? Alichukua spana na tochi. "Twende."

Walimkuta kaka uani kwao, amevaa suruali iliyopigwa pasi mistari miwili, anafungua vibao vya namba za gari.

"Umefuata nini?" aliuliza kaka.

"Shemeji, nipe dakika tano, kisha unifukuze."

"Shemeji wa nani?"

Fundi alishafungua mlango wa mbele, upande wa abiria. Akanyanyua zulia zito la mpira. Chini yake kapeti ilikuwa imelowa chapachapa, kijani, na ile harufu ikawapiga wote watatu. Nyuma ya dashibodi, rejeta ndogo ya hita ilikuwa imetoboka. Maji yalipita humo hita ikiwashwa tu. Kila injini ilipochemka, binti alifuata somo la baba, na somo la baba lilizidi kuyamwaga maji.

Kaka aliinama, akagusa kapeti, akanusa kidole. "Na wewe fundi mzima hukuinusa hii?"

"Niliinusa kila wiki. Nilijua ni dada yako."

Kaka aliwatazama mmoja mmoja, akaanza kuvirudisha vibao vya namba.

Dada aliegemea mlango, machozi na kicheko vikigombana usoni. "Sasa ugonjwa umeonekana. Jumamosi nitakuja na kisingizio gani?"

"Usije. Nitakuja mimi, na baba yangu mdogo. Mwambie kaka asitoke."

"Na akikwambia tena kwamba ulikuwa unaficha kitu?"

"Nitamwambia ni kweli nilificha," alisema fundi, akifuta mikono polepole. "Ila hakikuwa kwenye gari."