Simu Niliyofungulia Akaunti

Nilijiona nikicheza gemu... na simu yangu iko mkononi, imenitoa nje ya akaunti!

Jina langu, nguo zangu, bunduki zangu. Mtu anazunguka nazo, namwona laivu kwenye simu ya rafiki yangu Anastazia.

"Winfrida, si wewe huyo?"

"Wameniibia akaunti!"

Jamani, msiseme ni gemu tu. Humo kulikuwa na meseji za sauti za mdogo wangu Ezekieli. Alikufa kwa ajali ya pikipiki barabara ya Itigi, na sauti yake haipo pengine popote. Mwizi akizifuta, basi!

Nikawaandikia wenye gemu. Wakataka nithibitishe: akaunti ilifunguliwa wapi, kwa jina gani, kwenye simu ipi?

Nikajibu. Mkiwa, kijijini kwetu. "Dada Mkali", jina alilonipa Ezekieli. Kwenye simu yake, maana enzi hizo mimi nilikuwa na kitochi cha kupiga na kupokea tu.

Simu hiyo haikuonekana siku ya ajali. Melkizedeki, jirani yetu aliyemkuta wa kwanza, alituapia hakuiona.

Jibu likaja.

"Akaunti ni yako, tutairudisha. Ila nywila ilibadilishwa kwenye simu hiyohiyo ya kwanza."

Simu ya Ezekieli!

Nikachukua simu ya Anastazia, nikamwalika mwizi tucheze. Akakubali! Maiki yake ilikuwa wazi, na nyuma yake mama anapiga kelele:

"We Melki! Ng'ombe wameingia kwenye alizeti!"

Nilikwenda kwao pekupeku. Mama yake nikampa shikamoo. Melki nikamnyooshea mkono.

"Lete simu."

Akaitoa, analia.

"Dada, nisamehe..."

"Ulimkuta ameshakufa?"

Akajifuta machozi, akarudi nyuma hatua moja.

"Melki! Alikuwa hai?!"

"Aliniomba nikupigie wewe, dada."

"Mbona hukupiga?"

"Ningepiga... mngejua simu ninayo mimi."

Nilimchukia hapohapo, na sidhani kama nitaacha.

Melki yuko polisi. Akaunti imerudi, na sauti zote zimo.

Mnaoniuliza inbox akaunti inarudishwaje: kumbukeni simu ya kwanza mliyofungulia. Na ukimkuta mtu barabarani bado anahema, mpigie anayemtaka. Vitu vyake achana navyo.

Sauti ya mwisho ya Ezekieli ni ya siku ileile: "Dada Mkali, niko njiani, usianze bila mimi."

Sikuanza. Siku ile simu yangu ilikuwa mkononi, ina chaji, ina mtandao... namsubiri.